Dola ilisema tuko nafuu, kikapu kikakataa: kisa cha sabuni ya Kisumu inayouzwa Mbale

Mwezi wa nne 2024 shemeji yangu alinitumia ujumbe saa tano usiku. "Shem, kila mtu anashangilia dola imeshuka, redio inasema shilingi imekuwa na nguvu, mbona mimi ndio naumia?" Nikamwambia tuongee kesho, lakini sikulala vizuri, kwa sababu ule ushauri uliomfikisha hapo ulitoka kwangu. Nimekaa na hiki kisa muda mrefu, nimepiga hesabu yake mara kadhaa, na naona kuna wafanyabiashara wengi wa huku kwetu, kuanzia Kisumu mpaka Busia mpaka Bungoma, wanaofanya kosa lilelile la kuangalia namba moja ya dola kwa tivii alafu wanaamua maisha yao nayo. Kwa hivyo nakieleza chote, pamoja na hesabu.

Shemeji anatengeneza sabuni ya kufulia, ile ya vipande virefu, hapa Kisumu. Ni karakana ndogo, ana wafanyakazi wachache na matangi mawili. Mafuta ya mawese na kostiki (ile magadi kali ya kugandisha sabuni) vinatoka nje, anauziwa na wauzaji wa jumla ambao bei yao inafuata dola, hata ukilipa kwa shilingi ni dola tu imevalishwa nguo nyingine. Kwa makadirio yetu, katika kila shilingi 100 anazotumia kutengeneza, 60 ni za vitu vya dola na 40 ni za hapa: mishahara, stima, kuni, katoni, gari. Sabuni anauza Kisumu na vitongoji vyake, alafu mzigo mkubwa unapita Busia unaenda Tororo na Mbale, na mwingine unashuka Isebania unavuka Sirari kwenda Tanzania. Mteja wa Mbale analipa kwa shilingi za Uganda. Hilo la mwisho likumbuke, ndio moyo wa kisa.

Sasa turudi Januari 2023. Dola ilikuwa karibu 124. Shilingi yetu moja ilikuwa inakupa kama shilingi 29.7 za Uganda. Katoni yake ilikuwa inamgharimu 1,450 za Kenya, Mbale anaiuza 48,000 za Uganda, ambazo ukizigeuza zinatoka 1,616. Faida 166 kwa katoni. Si pesa nyingi lakini ilikuwa inalipa karo na inazungusha biashara.

Mwaka huo wote shilingi ikawa inateremka. Mtu yeyote aliyekuwa Kenya anakumbuka. Kulikuwa na hofu ya ile Yurobondi, yaani deni la serikali la soko la nje, la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni 2024, watu wanajiuliza serikali itatoa wapi, wenye dola wanazikalia, na kufika Januari 2024 dola imegonga 160. Kila kikao ni hadithi ya dola, wengine wanaapa itafika 200. Shilingi moja yetu sasa inatoa 23.8 tu za Uganda.

Yeye akaja kwangu na maswali mawili. La kwanza, je, hii ni nafasi ya kuongeza soko Uganda? La pili, je, ninunue mawese mengi saa hii kabla dola haijapanda zaidi? Na mimi, nikiwa nimesoma uhasibu na kufundisha hesabu miaka mingi, nikamjibu kwa ile sentensi ambayo kila mtu huisema: sarafu ikidhoofika, anayeuza nje anafaidika. Nikamwambia ndio kwa yote mawili. Akashusha bei ya Mbale kutoka 48,000 hadi 45,000 ili apate mteja wa jumla, wakakubaliana bei hiyo isimame miezi sita, akanunua mawese ya miezi mitatu kwa dola ya 160.

Kwa mwezi mmoja nilionekana mwerevu. Gharama ya katoni ilikuwa imepanda hadi 1,743, lakini 45,000 za Uganda zilikuwa zinageuka kuwa 1,891, kwa hivyo amebaki na 148 kwa kila katoni na mzigo unaenda haraka kuliko zamani.

Alafu Februari ikafika. Tarehe 6 Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Siku chache baadaye serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwenye soko la nje, kwa riba ya zaidi ya asilimia 10, ili inunue sehemu ya ile Yurobondi kabla haijaiva. Ikauza na hatifungani (hati ya kuikopesha serikali) ya miundombinu ya hapa ndani kwa riba ya zaidi ya asilimia 18, wageni wakaleta dola zao wanunue. Ile hofu ikapasuka kama puto. Waliokuwa wamekalia dola wakakimbia kuziuza, na kufika mwisho wa Machi dola ilikuwa kwenye 130 na kitu. Wazee wa biashara walikuwa wameshaona sinema hii 2011, dola ilipofika 107 mwezi wa kumi na kufunga mwaka kwenye 85 hivi. Mimi nilikuwa nimeisahau, na hilo linaniuma mpaka leo.

Fikiria alipokuwa Aprili na Mei. Sabuni aliyo nayo stoo imetengenezwa kwa mawese ya dola 160, gharama yake ni ileile 1,743. Bei ya Mbale imefungwa kwa 45,000. Lakini shilingi moja yetu sasa inatoa karibu 29 za Uganda, so zile 45,000 zinageuka kuwa 1,552. Hasara ya 191 kwa kila katoni! Mzigo wa Machi ulitoka kwa afadhali kidogo, lakini kwa Aprili na Mei alipeleka katoni 800 hivi, piga hesabu, ni zaidi ya laki moja na nusu zimepotelea barabarani kati ya Kisumu na Mbale, na hakuna aliyeiba hata kipande kimoja.

Hapo ndipo nilipokaa chini na kujiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza Januari. Shilingi ikiwa dhaifu, ni dhaifu mbele ya nani?

Bei ya dola ni bei ya shilingi mbele ya nchi moja. Na Marekani sio mahali sabuni ya shemeji inaenda. Hata Kenya nzima, tukiangalia nani ananunua vitu vyetu, Uganda huwa iko juu kabisa, kuna Pakistan inayokunywa chai yetu, kuna Uholanzi kwa maua, na Marekani ndio ile ya nguo za AGOA, mpango wao wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Upande wa kununua, China inaongoza, India ipo, na mafuta yanatoka Ghuba. Sasa shilingi inaweza kupanda mbele ya dola na siku hiyohiyo ikashuka mbele ya shilingi ya Tanzania. Ukitaka kujua imesimama wapi kwa ujumla inabidi uweke sarafu zote kwenye kikapu kimoja, kila moja na uzito wake kulingana na biashara unayofanya na wenyewe. Hicho ndicho wachumi wanaita kiwango cha ubadilishaji kilichopimwa kwa uzito wa biashara. Taasisi kama Shirika la Fedha la Kimataifa zinakipiga kwa nchi nzima. Mimi nikaamua kukipiga kwa karakana moja.

(Kabla niendelee, kuna kitu watu hukosea hapa. Ukiona Marekani ina biashara ndogo na sisi usidhani dola nayo ni ndogo. Dirhamu ya Emirati imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, riyali ya Saudia imefungwa kwa 3.75. Kwa hivyo petroli yote ya Ghuba ni dola tupu hata kama risiti imeandikwa kiarabu.)

Kazi ngumu ni uzito. Njia rahisi ni kuchukua daftari la mauzo ya nje na kugawanya. Kwake ilitoka Uganda 70, Tanzania 30. Nikafurahi, nikaweka kwa eksel, alafu nikamwonyesha. Akaniangalia akasema, "Shem, lakini pale Mbale mimi sipigani na Waganda peke yao. Kuna sabuni ya unga ya China imejaa, mama akikosa pesa ya kipande ananunua pakiti ndogo ya unga. Na hapa Kisumu nikiuza nyumbani ni hiyohiyo ya unga inanisumbua, pamoja na ya kutoka Uganda."

Bila kujua alikuwa amenieleza kitu ambacho vitabu vinakichukulia kurasa nyingi. Uzito wa kikapu usiulize tu bidhaa zangu zinaenda kwa nani, uulize zinakutana na bidhaa za nani. Kwenye soko la Mbale kuna mwenyeji, kuna mimi, na kuna mtu wa tatu ambaye hata hafanyi biashara na mimi, lakini sarafu yake ikianguka mimi ndio naumia. Na soko la nyumbani nalo linahesabiwa, kwa sababu mgeni anaweza kukufuata mpaka soko la Kibuye hapa Kisumu. Ndio maana fahirisi za kimataifa, yaani hizi namba za kikapu zinazolinganishwa na mwanzo wa 100, zinatumia uzito wa pande mbili, wa anayenunua na wa anayeshindana. Tukazunguka maduka ya jumla, tukahesabu rafu, tukauliza wenye maduka kipi kinatoka haraka, tukakubaliana: Uganda 50, Tanzania 30, China 20. Viwanda vikubwa vya Kenya hatukuviweka. Sio kwamba havimsumbui, vinamsumbua sana tu, ila wanatumia shilingi ileile kama yeye kwa hivyo ubadilishaji wa pesa hauwagusi kwa tofauti.

Kwa mtu anayepiga ya nchi nzima kuna tatizo lingine ambalo sisi wa mpakani tunalijua kwa macho. Uzito unatoka kwa rekodi za forodha. Sasa ukisimama Busia asubuhi uangalie ile mizigo inayovuka kwa baiskeli, kwa mikokoteni, kwa bodaboda, mahindi, mayai, nguo, sabuni yenyewe, hiyo yote nani ameiandika? Kwa maoni yangu kikapu chochote cha Kenya kilichotengenezwa kwa karatasi za forodha tu kinaipa Uganda uzito mdogo kuliko inaostahili.

Baada ya uzito unakuja wastani, na hapa usitumie ule wa kujumlisha na kugawanya. Nitakupa mfano wa haraka. Sema una sarafu mbili kwenye kikapu zenye uzito sawa, mbele ya moja umeshuka nusu, umetoka 100 hadi 50, mbele ya nyingine umepanda maradufu, 100 hadi 200. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 125, yaani umepanda robo, na ukigeuza hesabu uanze na bei za upande ule mwingine utapata tena 125, yaani sasa wao ndio wamepanda. Haiwezekani wote wawili mpande mbele ya kila mmoja. Wastani wa kuzidisha unasema 50 mara 200 ni 10,000, kipeuo chake ni 100, hamna aliyesonga. Ndio unaotumika. Kwa eksel unachukua kila sarafu, unaipandisha kwa kipeo cha uzito wake, 0.5, 0.3, 0.2, alafu unazidisha zote. Simu inafanya.

Sasa hesabu yenyewe. Januari 2023 nimeipa 100. Namba ikipanda maana yake shilingi yetu imepata nguvu na bidhaa zetu zimekuwa ghali kwa wenzetu; kuna wanaogeuza iwe kinyume, so ukisoma ya mtu mwingine angalia kwanza. Viwango nimekadiria kwa mwezi mzima, sio vya siku moja.

Januari 2024, shilingi mbele ya dola ilikuwa 77.5. Mbele ya shilingi ya Uganda 80.1. Ya Tanzania, ambapo tulitoka 18.8 hadi 15.7, ni 83.5. Mbele ya yuani ya China 82.1. Kikapu kizima: 81.5. Unaona tayari, dola inasema tumeshuka karibu asilimia 23, kikapu kinasema 18 na nusu. Wenzetu nao walikuwa wamepoteza kidogo mbele ya dola, so sehemu ya kile tulichoita udhaifu wa shilingi ilikuwa nguvu ya dola kwa kila mtu.

Nikaruka hadi Januari 2025, vumbi likiwa limetulia. Dola 129, yaani 96.1. Uganda 28.5 kwa shilingi moja, ni 96.0. Tanzania karibu 19.2, ni 102.1. China 103.4. Kikapu: 99.2. Kwa ule uzito wa kwanza wa daftari, Uganda na Tanzania peke yao, ingekuwa 97.8, kwa hivyo yale maneno ya shemeji kuhusu sabuni ya unga yalibadilisha jibu kwa zaidi ya nukta moja.

Lakini hiyo bado ni nusu ya kazi, kwa sababu pesa inabadilika na bei nazo zinabadilika. Kama shilingi imesimama palepale lakini hapa kila kitu kimepanda kuliko kwa jirani, bado umekuwa ghali. Ile fahirisi ya kwanza ni ya jina tu. Ukiizidisha kwa bei za kwetu na kuigawanya kwa bei za wenzetu kwa uzito uleule, unapata ile halisi.

Mfumuko wa bei wa Januari 2024 kwetu ulikuwa asilimia 6.9, Uganda 2.8, Tanzania 3.0, na China bei zilikuwa zimeshuka kwa 0.8. Uzuri wa kutumia Januari kwa Januari ni kwamba mfumuko unaotangazwa ni wa mwaka mzima kurudi nyuma, kwa hivyo unaingia kwenye hesabu moja kwa moja bila kukadiria. Januari 2025 kwetu 3.3, Uganda 3.6, Tanzania 3.1, China 0.5. Ukiunganisha miaka miwili, bei za Kenya zimepanda 10.4, za kikapu zimepanda 5.0.

Kwa hivyo fahirisi halisi Januari 2024 ni 85.3, na Januari 2025 ni 104.3.

Naomba usome hizo namba za mwisho pole pole. Mtu wa dola anasema Januari 2025 shilingi iko chini kwa asilimia 4 ukilinganisha na miaka miwili nyuma, kwa hivyo vitu vyetu nje ni nafuu. Kikapu halisi kinasema viko ghali kwa asilimia 4. Tofauti ni ya nukta 8, na faida ya shemeji kwa katoni, 166 kwa 1,616, ni kama asilimia 10. Yaani makosa ya kipimo peke yake yanakaribia kumeza faida yote.

Nilipomwonyesha hiyo aliniuliza swali zuri tena. "Hiyo mia moja ya mwanzo nani amesema ndio sawa?" Hakuna. Januari 2023 nimeichagua kwa sababu ndio mwezi wa mwisho alikuwa anauza bila presha. Fahirisi inakuambia umesonga kiasi gani toka hapo, haikuambii kama hapo palikuwa pazuri. Ndio maana hata wakubwa wanagombana juu ya jambo hili. 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema shilingi iko juu ya thamani yake kwa asilimia 17.5, na Benki Kuu, wakati huo chini ya gavana Patrick Njoroge, ikakataa kabisa. Ile 17.5 haikutoka kwa kuangalia fahirisi na kusema iko juu, inatoka kwa modeli zinazojaribu kukisia shilingi ingepaswa kuwa wapi ukiangalia deni, nakisi ya biashara na mengine. Modeli zina dhana zake, na watu wazima wenye data ileile wanaweza kutofautiana. Kwa karakana hatuhitaji kufika huko.

Tulichohitaji ni gharama yake mwenyewe, na hapa ndipo niligundua ile sentensi yangu ya Januari ilikuwa mbovu kwa kiasi gani. Mfumuko wa bei unapima unga, nauli, kodi ya nyumba. Haupimi katoni ya sabuni. Chukua gharama ya shemeji, 60 za dola na 40 za hapa, bei ya mawese duniani uishikilie palepale ili tuone kazi ya sarafu pekee. Dola kutoka 124 hadi 160 ni ongezeko la asilimia 29 kwa zile 60. Zile 40 zimepanda na mfumuko, 6.9. Gharama yake imetoka 100 hadi 120. Ukiigeuza iwe shilingi za Uganda inakuwa 96.3. Mtengenezaji wa upande wa pili, tumpe mchanganyiko uleule wa 60 na 40, dola kwake imepanda asilimia 3 tu, gharama yake ni 102.9. Linganisha, shemeji amekuwa nafuu kwa asilimia 6 na kidogo. Sio 20 kama bei ya shilingi ya Uganda ilivyoonyesha, wala sio 15 kama fahirisi halisi ilivyosema. Sita!

Na yeye alikuwa ameshusha bei kwa asilimia 6, kutoka 48,000 hadi 45,000. Kwa maneno mengine aliitoa nafuu yote aliyopewa na sarafu akampa mteja, siku ya kwanza, na akafunga mkono kwa miezi sita.

Nikipiga hiyohiyo kwa Januari 2025, gharama yake kwa shilingi za Uganda ni 102.3, ya jirani 102.6. Wako sawa. So kwa kipimo cha gharama hajawa ghali, na ukiangalia mfuko wake ni kweli: katoni sasa inamgharimu 1,546, akiuza kwa bei ya zamani ya 48,000 anapata 1,684, anabaki na 138. Biashara inatembea. Mtu angesoma fahirisi halisi ya mfumuko peke yake, kutoka 85 hadi 104, angemwambia afunge soko la Uganda. Angekosea, kama mimi nilivyokosea upande ule mwingine.

Sio kusema fahirisi ni mbovu. Mkulima wa mboga au fundi wa masufuria ya vyuma chakavu, ambaye karibu gharama yake yote ni ya hapa, ile 104 inamsema yeye vizuri sana. Kadiri unavyonunua vingi kwa dola ndivyo sarafu ikishuka inakupa kwa mkono mmoja na kukunyang'anya kwa mwingine. Na pia jirani sio lazima awe na mchanganyiko wako. Uganda wana mashamba ya michikichi kule visiwa vya Kalangala, ndani ya ziwa letu hilihili, kwa hivyo kuna watengenezaji kule ambao sehemu ya mawese yao haitoki Asia. Kama mshindani wako ni huyo, dola ikipanda anakupita. Nilipaswa kuuliza hilo kabla.

Kilichomuua shemeji Aprili basi sio kwamba shilingi ilikuwa na nguvu. Ni kwamba alikuwa amenunua kwa wakati mmoja na kuuza kwa wakati mwingine. Mawese aliyabeba kwa dola ya 160 na sabuni akaigeuza pesa shilingi ikiwa imerudi. Laiti angenunua ya wiki mbili mbili, hata na ile bei ya 45,000, gharama yake ya Aprili ingeshuka pamoja na dola na angeumia kidogo tu.

Tulibadilisha mambo matatu na sio makubwa. Mawese hanunui tena ya zaidi ya mwezi, hata watu wakipiga kelele vipi kuhusu dola. Na mteja wa Mbale wakakubaliana upya Julai: bei ni 48,000, lakini shilingi moja yetu ikitoka nje ya 26 au 31 za Uganda wanaongea tena, na mteja mwenyewe alipenda maana inamlinda na yeye. Na pesa za Uganda hazikai. Zamani alikuwa anaziacha kule kwa simu akisubiri bei nzuri ya wale vijana wa kubadilisha pesa pale mpakani, sasa zinageuzwa wiki hiyohiyo, isipokuwa zile anazotumia kulipia usafiri wa upande wa pili.

Kikapu ninakipiga kila mwezi. Inachukua kama dakika kumi, viwango vya Uganda na Tanzania viko kwenye jedwali la kila siku la Benki Kuu, mfumuko unatangazwa na takwimu za kila nchi. Kazi halisi ni kuuliza uzito kama bado ni uleule, na hiyo yeye ndiye anayeijua, sio mimi.

Juzi alinipigia. Amepata mtu wa Musoma anataka katoni 200 kwa mwezi, bei kwa shilingi za Tanzania, na soko la Mbale linapungua kidogo. Akasema nibadilishe uzito, Uganda 40, Tanzania 40, China ibaki 20, nimwambie ingekuwaje kwa namba za Januari 2025. Nikazipiga tukiwa bado kwa simu. 104.3 ikawa 105.0.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo huko Tanzania ndio niko ghali zaidi."

"Kidogo, shem."

"Na mwenye Musoma anataka bei ifungwe miezi mingapi?" alijiuliza mwenyewe, nikasikia anageuza kurasa za daftari. "Hapana. Tuanze na katoni 50, tena za mwezi mmoja."

Nikamuuliza kama anataka nimpigie na ile ya gharama. Akasema ameshaanza.